Kistari cha Mama Abeke

“Wivu huo, Kaka Rasaki. Kwa kuwa kazi sikukuletea wewe,” Asake alisema.

“Nisingeipokea. Alama nne za mshangao mahali pamoja? Mtu kakanyaga msumari?”

Uani tukacheka. Mimi niliacha kumenya viazi vikuu ili nisipitwe na neno. Asake na Rasaki walisimama mbele ya bango lililotundikwa ukutani: kitambaa cheupe, herufi za dhahabu za kubandika, vinyota na maua mpaka macho yanauma. Mchana huo tungemshukuru Mama Abeke, Abeke likiwa jina lake mwenyewe, mama yake Asake aliyemlea peke yake kwa kuuza akara, vitumbua vya kunde, barabarani.

Mtaa wetu wa Shomolu unakula kwa uchapaji, lakini jicho la Rasaki, naye mchapaji, kwenye herufi halina mwenzake.

“Na hizi alama za usemi mlizolifungia neno ‘mama’,” akasema, “ni mama yako, au ndiye huyo mnayemwita mama?”

“Pambo tu.”

“Haya. Nisomee neno lenyewe.”

“Ìyá.”

“Mimi naona ìyà.”

Kwa Kiyoruba chetu, kistari cha juu ya a kikipanda, ni mama. Kikishuka, ni mateso. Fundi wa bango alikibandika kinyume. Ukuta ulikuwa unasema: Asante, mateso yetu.

“Kadogo hivyo, nani atakaona?” Asake akauliza, sauti imepungua.

“Mama yako.”

Kweli. Mama Abeke alijifunza kusoma uzeeni, juzijuzi tu, na mpaka leo husoma kwa kidole, haruki hata nukta. Asake akakaa juu ya kinu changu. “Nimewashonea watu arobaini sare za sherehe hii, halafu namtukana mama yangu ukutani.”

Rasaki alivua viatu, akapanda kigoda changu, akakibandua kile kistari kwa wembe, akakigeuza na kukikandamiza kwa dole gumba. Akaondoa alama za usemi, na mishangao mitatu. “Mmoja unatosha. Minne ni kugomba, si kushukuru.” Vinyota akabakiza viwili, kila upande kimoja. “Pambo likae pembeni, neno lipumue.”

Alikuwa bado juu Mama Abeke alipotoka ndani. Akainua kidole.

“Ẹ… ṣé… ì… yá… wa.”

Asante, mama yetu. Kwenye ile a, kidole kilikifuata kistari mpaka ncha.

“Mwalimu wangu wa kusoma husema watu hawajali hivi vidude,” akasema polepole. “Mimi mmenijali. Nashukuru, wanangu.”

Asake alijifuta macho kwa upindo wa nguo. “Kaka, lile la wivu nisamehe.”

“Wivu ulikuwepo kidogo,” Rasaki akasema, akishuka na kuvaa viatu ili ajiondokee.

“Unakwenda wapi?” Mama Abeke akamuuliza.

“Nyumbani, Mama. Sare sina.”

“Kwani sare ndiyo inayokula? Ugali wa amala bado wa moto. Ingia.”