Amisa Afunge

Mwaka 1956 nilikuwa mpima uji katika banda la daktari mmoja Mbelgiji, hapa Kasongo. Kila asubuhi bakuli zote zilikuwa sawa: unga gramu themanini, maziwa ya unga gramu arobaini, sukari kijiko kimoja. Mtoto alikula, akatolewa damu, daktari akaandika. Nafasi zilikuwa za watoto kumi na wawili, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu. Aliyekubaliwa alipata maziwa hayo siku arobaini, na wengi walipona. Kwingine hayakupatikana.

Nafasi moja ilipobaki, nilimwombea Amisa, binti wa jirani yangu Waridi. Alikuwa na miaka minne.

Jumamosi daktari aliniambia kwa Kifaransa kwamba Jumatatu mtoto aje tumbo tupu tangu usiku. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu. Nilitafuta neno, nikapata moja.

“Mama Amisa, munganga anasema mutoto afunge kwanza. Jumatatu umulete.”

“Afunge? Kitoto hiki? Huyo muzungu amesilimu lini?”

Tulicheka.

“Afunge tu. Asipofunga, hakuna maziwa.”

“Basi atafunga, kaka Zéphirin.”

Kwetu misheni, kufunga ni kutokula tangu usiku wa manane mpaka komunyo. Hata baada ya utani ule sikufikiria kwamba kwa Waridi, Mwislamu, kufunga ni kwa mchana.

Jumapili Amisa alilia mchana kutwa. Nilimsikia, nikadhani ni ugonjwa. Jumatatu kabla ya alfajiri mama yake alimwamsha, akamlisha daku: wali wote uliokuwa ndani.

Bandani, Amisa alionja uji wangu, akatapika wali mezani. Daktari aliziangalia punje.

“Amekula. Watu hawa hawasikii.” Akafuta jina.

Waridi alinishika mkono. “Mwambie amefunga! Jana kutwa, hata maji hakunywa! Mwambie, kaka!”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilijua Kifaransa cha kutosha kusema kosa ni langu. Niliogopa kufukuzwa. Niliangalia mzani.

Siku ileile nafasi ilipewa mtoto kutoka Kabambare. Amisa alikufa baada ya wiki tatu.

Kwenye kilio Waridi alinifuata mlangoni.

“Kaka, nilimfungisha vizuri. Nilikosea wapi?”

“Hukukosea,” nilisema.

Alingoja niendelee. Nilivaa viatu vyangu, nikatoka. Kesho yake asubuhi nilipima bakuli kumi na mbili, gramu zilezile.