Suruali Nne za Sentimita

Iliyoanza kulalamika ilikuwa suruali. Ile ya kijivu, aliyojishonea fundi mwenyewe, ilianza kumbana kushoto, pale mishono ya miguu inapokutana. Fundi alijitazama, akaitazama suruali, akaamua kwamba mwenye makosa ni suruali.

Mtaa mzima ulimwita Sentimita, kwa kuwa hakuwahi kukosea kipimo. Kila aliporekebisha nguo aliandika kwa penseli ndani ya mfuko: tarehe, upande, na kiasi alichoachia, mteja asije akabisha. Basi akaachia mshono wa kushoto nusu sentimita, akaandika, akavaa, akarudi kwenye cherehani yake.

Baada ya wiki mbili ikabana ya bluu. Kisha ya kahawia. Kisha nyeusi ya ibada. Uvimbe uliozibana suruali hizo haukumuuma hata kidogo, kwa hiyo aliona hauna haja ya kutajwa.

Lakini miaka mitatu nyuma alikuwa ameugua saratani ya uboho, ile inayotafuna mifupa kutoka ndani. Alitibiwa, Mungu akamsimamisha tena. Tangu hapo alikwenda kliniki kila mwezi, na kila mwezi daktari alimuuliza, "Kuna jipya lolote mwilini, baba?"

"Hakuna, binti."

Angesemaje? Yeye fundi ndiye aliyemshonea daktari huyo sare ya darasa la kwanza, binti akiwa hana meno mawili ya mbele.

Hata Mungu hakumwambia waziwazi. Asubuhi walipopiga magoti yeye na mkewe, aliomba, "Ee Bwana, uniponye pale mahali unapopajua."

Mkewe akafumbua jicho moja. "Mahali gani?"

"Naongea na Bwana, mama, siongei na wewe."

"Bwana ana watu wengi. Mwelekeze vizuri, asije akakutibu goti."

Siku hiyo hiyo mkewe alikuwa anapiga pasi. Alipogeuza mfuko wa suruali nyeusi akaona maandishi. Akageuza wa kahawia. Akazipanga zote nne mezani kwa tarehe, akamwita mumewe.

"Mzee, hizi ni nini?"

"Vitambaa vimenywea."

"Vitambaa vinne, vyote vinywee kushoto?"

"Ni sabuni ile mpya."

"Sabuni inajua kushoto na kulia?"

Fundi akaanza kukunja na kukunjua futi yake ya kupimia.

"Kesho kliniki utamwambia daktari," mkewe akasema.

"Nimwambie mtoto yule mambo haya?"

"Mficha uchi hazai."

"Tumeshazaa watano. Inatosha."

Mkewe alitaka kucheka, akajizuia. "Hao watano bado wanamtaka baba yao," akasema, akazikunja suruali na kuzitia kikapuni.

Kesho yake daktari aliwapokea kwa tabasamu. "Shikamoo, baba. Kuna jipya lolote?"

"Marahaba, binti. Haku..."

Kabla neno halijaisha, suruali nne zilikuwa zimetua juu ya meza. "Soma mifukoni, mwanangu," mama akasema.

Daktari akasoma. Nusu. Moja. Moja na nusu. Mbili na nusu. Tabasamu likaondoka.

"Yote haya kwa miezi miwili, baba?"

"Miezi miwili na siku tatu," Sentimita akasahihisha. Aibu ni aibu, lakini kipimo ni kipimo.

"Wagonjwa wengine huniambia kimevimba kidogo tu. Wewe umeniletea ushahidi wa kitambaa."

Akapimwa, akapigwa picha, kisha korodani ya kushoto ikatolewa na kupelekwa maabara. Majibu yalipotoka, daktari aliwakalisha wote wawili. "Ni ule ule ugonjwa wa uboho, umehamia huko. Ni nadra sana. Mimi nilikuwa nimeusoma kitabuni tu."

Fundi akamgeukia mkewe, kifua mbele. "Umesikia, mama? Nadra sana."

"Nadra, na mkaidi pia."

"Kwingine picha hazionyeshi kitu," daktari akaendelea. "Lakini tunaanza tena dawa, na ukiniambia 'hakuna' tena, nitauliza suruali."

Kidonda kilipopona, Sentimita alirudisha mishono yote minne mahali pake na kuandika tarehe. Jumapili, kwenye maombi, akaombwa atoe shukrani. Akasimama, amevaa suruali yake nyeusi, akafumba macho.

"Ee Bwana, nakushukuru kwa korodani ya kushoto iliyokwenda. Nakuomba uilinde ya kulia, na uboho wangu wote, na dawa ninazoanza Jumanne."

Kiongozi wa kwaya akakohoa. Mzee mmoja akafumbua macho yote mawili.

"Amina!" mkewe akaitikia kwa sauti kutoka kiti cha nyuma. "Leo amemwelekeza!"