Njia Inayopinda

...na kwa nini wampe chumba chenye roshani, bure, siku tatu nzima, yeye Walburga mfuga ng'ombe ambaye miaka arobaini hakuna aliyempa hata kikombe cha kahawa hapa juu, kuna jambo, hawa watu hawatoi kitu hivi hivi, jana mkurugenzi wa kituo cha kuteleza thelujini kamkatia nyama kwa mkono wake, kamwita mama, kauliza habari za goti lililopasuliwa mwezi wa tatu, nani kamwambia habari za goti, na sasa kibanda cha waya kinachowapandisha mlimani kimesimama hewani, waya umetulia, kinabembea kidogo, na Korbinian mwanawe aliyeketi mbele yake anasema kitasogea sasa hivi, kuna mtu huko chini anapakia baiskeli... baiskeli, ndiyo, hiyo ndiyo wanayoitaka, zamani walitosheka na majira ya baridi, marehemu Lois mumewe alipeana nao mkono tu, theluji ikianguka uzio unashushwa watelezaji wapite, ikiyeyuka uzio unapandishwa na malisho yanarudi kuwa ya ng'ombe, basi, leo mlima lazima ulete pesa mwaka mzima, wanataka na kiangazi, wanataka baiskeli zishuke katikati ya nyasi zake, karatasi ya ruhusa inamsubiri kule juu mezani kando ya keki, wanadhani hajui, afadhali amekuja na Korbi, mkewe Korbi ndiye asiyemwamini, yule anapokea wageni kituoni na anacheka mno na mkurugenzi, lakini Korbi hapana, Korbi ndiye aliyesema mama wewe pumzisha goti, mwezi wa tano uzio nitaupandisha mimi... "Tazama juu, mama, kileleni bado kuna theluji," anasema, mara ya tatu hiyo, kilele amekiona kabla huyu hajazaliwa, ana nini na kilele leo, na ndiye aliyemkalisha upande huu, uso mlimani, mgongo bondeni, eti asishikwe na kizunguzungu, kizunguzungu gani, mtu aliyezaliwa kwenye mteremko... na mbona kimya, si ndipo hapa hasa juu ya malisho yake, kengele za ng'ombe ziko wapi, anauliza, naye Korbi anasema amewapeleka juu zaidi, kuna nyasi nzuri, mwezi wa sita haujaisha na amewapeleka juu mapema hivi, Walburga anageuka, goti linamchoma, anageuka tu, "Mama, utaumia," na huko chini uzio hakuna, nguzo zimelala ukingoni zimepangwa kama kuni, na njia mpya ya changarawe inashuka moja kwa moja hadi kwenye msonobari uliopigwa radi, halafu inapinda, inazunguka nyasi zilizo kama nyasi nyingine zote, kisha inanyooka tena... inazunguka nini, Mungu wangu, inazunguka chemchemi, ile isiyoonekana, iliyommeza ng'ombe wao Flecki hadi kifuani, wakamvuta kwa kamba watu watatu, Lois, yeye, na Korbi wa miaka tisa akilia, na Lois akawaapisha wasimwambie mtu, kituo kikisikia kuna maji kitayataka ya kutengenezea theluji kwa mashine, na Lois yuko kaburini, na yeye hajafungua mdomo, si kwa padri, si kwa dada yake, basi mchora njia hakupinda kwa kubahatisha, kuna mtu alitembea mbele yake akamwonyesha, pita hapa, hapa usikanyage, wala si mkwe, maskini, alikuwa akimsingizia bure...

"Korbi."

"Naam, mama."

"Ule uzio ulinipandishia?"

"Mwezi wa tano, kama nilivyokuambia," anajibu bila kutazama chini, anainama kumfunga skafu vizuri, vidole vile vile vilivyoshika kamba, naye anamwacha afunge, moyo unamuuma kuliko goti, kalamu inachungulia mfukoni mwa koti la mwanawe, na kibanda bado kinabembea pale pale. "Unaogopa, mama?"

"Kidogo," anasema Walburga, ambaye hajawahi kuogopa hewani maishani mwake.