Usimsubiri Mtu

Jino lilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, limelazwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, dogo na jeupe kama punje ya mahindi iliyodondoka njiani. Judica alilitazama kabla hajamtazama mtu yeyote. Lilikuwa jino la mbele, si la utoto, lililoota mwaka huu huu kinywani mwa Joakimu, na sasa limekaa pale kama shahidi asiye na haja ya kuulizwa swali.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mzee Gidahosh."

"Marahaba," waliitikia wote wawili. Mzee Gidahosh, mwenyekiti wa kamati ya shule na babu yake Joakimu, alisogeza fimbo yake ili Judica apate kupita.

Mwalimu Severine alieleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu. Jana mvua ilipoanza kupiga bati la darasa la tatu, Kornelia alisimama katikati ya somo la hesabu, akamkamata Joakimu kwa mkono mmoja na mtoto mwingine kwa mkono wa pili, akawaburura mpaka nje. Joakimu akateleza kwenye ngazi. Nusu ya darasa ikafuata mkumbo, ikipiga mayowe bila kujua inakimbia nini. Haikuwa mara ya kwanza. Ila mara zile nyingine hakukuwa na jino.

"Tunajua mlikotoka, Mama Kornelia. Yaliyowapata kule chini ya mlima kila mtu aliyaona kwenye simu. Lakini hapa Masakta ni tambarare. Hakuna mlima wa kumporomokea mtu."

"Ndivyo ninavyomwambia, Mwalimu. Kila siku."

"Basi kamati imeonelea mtoto akae nyumbani mpaka mvua za masika ziishe. Hatumfukuzi. Tunampumzisha."

"Binti yangu, sisi si watu wabaya," alidakia Mzee Gidahosh. "Lakini mtoto mwenye hofu kama hii ni ng'ombe aliyeshtuka. Zizi zima linatoka naye."

Judica alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga njia nzima. Tangu familia ihamie huku kwa mama mkwe, maneno hayo yalikuwa yamemzoea. Aliomba radhi kwa kuongeza vinywa jikoni, akaomba radhi kwa majirani walioamshwa na kilio cha Kornelia, akaomba radhi hata kwa mvua. Sasa yalitoka yenyewe: mtusamehe, mtusamehe sana. Alipofika mlangoni tu ndipo alipogeuka.

"Jibu nitaleta kesho."

"Jibu la nini tena?" aliuliza Mzee Gidahosh. "Sisi hatukuuliza."

*

Nyumbani, mama mkwe wake, Bibi Marieta, alisikiliza habari yote huku akipepeta, ungo haukusimama.

"Wakubalie," alisema. "Masika si mwaka. Atanisaidia hapa, na hilo jino litasahaulika. Renatus nitampigia mimi mwenyewe huko Basotu, nimweleze mwanangu asije akapandisha hasira bure."

Kornelia alikuwa kwenye mkeka barazani akipukuchua mahindi, kichwa chini. Amesikia kila neno. Watoto wa umri ule husikia hata yasiyosemwa. Judica aliketi kando yake, akachukua gunzi, akaanza kupukuchua naye. Punje zililia ndani ya beseni. Walikwenda hivyo kwa kitambo, bega kwa bega, jua la jioni likiwamulika vidole.

"Kone," alisema mama mtu, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Mvua ikikutisha na ukataka kutoka, si utoke? Kwa nini uwashike na wenzako?"

Mtoto alimaliza gunzi lake, akalitupa kwenye rundo, akachukua jingine.

"Peke yangu nilishatoka," alisema.

Mikono ya Judica ilisimama.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, kule chini ya mlima. Yeye alikuwa upande wa juu, zizini, anakamua. Kornelia na Rogathe, binti wa jirani, walikuwa kwenye njia ya chini wameshikana mikono, wamevaa za kanisani. Mngurumo ulipoanza Judica alidhani ni lori. Kisha akaona miti inatembea, tope la mlima likiisukuma. Kiatu cha Rogathe kilikuwa kimefunguka, mtoto ameinama anahangaika kukifunga kwa mkono mmoja, na Judica alipiga ukelele ambao hakujua kifua chake kinao: Kimbia! Njoo huku! Usimsubiri mtu! Kornelia akauachia ule mkono. Akakimbia.

Ukelele ule Judica aliuhesabu kuwa jambo jema kuliko yote yaliyowahi kutoka kinywani mwake. Aliutolea ushuhuda. Jumapili yao ya kwanza huku Masakta alisimama mbele ya kanisa, mtoto kando yake na gauni la kuazima, akasimulia jinsi Mungu alivyompa sauti, jinsi alivyosema usimsubiri mtu, na mtoto akatii. Kanisa lilipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Mchungaji alimshika Kornelia kichwani, akamsifu kwa utii wake.

Na Kornelia alikuwa amesimama pale pale, akipigiwa makofi.

"Rogathe alibakiza kamba moja tu, mama," alisema sasa. Hakulaumu. Alisema kama anayetoa taarifa ya shuleni. "Ningemsubiri kidogo, tungetoka wote."

Judica alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba tope lililomchukua Rogathe lisingengoja hata hicho kidogo, kwamba kamba moja ilikuwa ndefu kuliko maisha. Badala yake alimshika mtoto kidevu, akamwinua uso.

"Nisikilize, Kornelia. Mkono wa Rogathe hukuuachia wewe. Niliuachisha mimi. Ile sauti ilikuwa yangu, na leo ikirudi asubuhi ile nitaipiga tena, hata kwa nguvu zaidi. Umenielewa? Kosa kama lipo, ni la kwangu. Nitalibeba mimi. Wewe ni mdogo, mzigo huo si saizi yako."

Mtoto alimtazama sana. Kisha kinywa kikapinda, na kilio kilichotoka hakikuwa kile cha usiku, cha kushtuka. Kilikuwa cha chini, kizito, kama maji yanayopata njia. Judica alimpakata katikati ya magunzi.

Kule uani, ungo ulikuwa umenyamaza.

*

Asubuhi Judica alitoa sare ya shule, akaikung'uta.

"Jana kamati ilisemaje?" aliuliza Bibi Marieta kutoka mlango wa jiko.

"Niliisikia kamati, mama."

"Na sasa unampeleka wapi?"

"Shule. Na mimi naingia naye. Nitakaa darasani, hata chini."

Bibi Marieta aliingia ndani. Judica alisubiri maneno makali, akajikaza kuyapokea. Mama mkwe alitoka na kigoda cha miguu mitatu, kile cha marehemu mzee, ambacho hakuna mjukuu aliyethubutu hata kukipanda.

"Ukae chini kama mbuzi? Shika. Na ukivunje uone."

Walitoka. Wingu zito lilikuwa limejikusanya upande wa Basotu, na mashambani watu walikuwa wanapalilia mbiombio wawahi kabla halijafika. Mwanamke mmoja alinyoosha mgongo, akakiona kigoda kichwani mwa Judica, akacheka.

"Mama Kornelia, mnahama tena?"

"Hatuhami popote!" alijibu Judica, na akashangaa jinsi sauti ilivyotoka bila radhi ndani yake.

Mwalimu Severine aliwawahi mlangoni mwa darasa la tatu. Alikitazama kigoda, akaitazama sare, akavua miwani.

"Mama Kornelia, mzazi hakai darasani. Utaratibu huo haupo."

"Wa kumtoa mtoto darasani upo?"

"Tulikubaliana jana..."

"Jana niliomba radhi, Mwalimu. Kwa jino la Joakimu naomba hata leo, na jioni nitakwenda kwa mama yake. Lakini hili la kupumzisha nimelikataa. Mtoto wangu hana wazimu na wala si mtoro. Anakimbia na wenzake kwa sababu aliwahi kukimbia akamwacha mwenzake. Nyie mnasema akae nyumbani mpaka mvua ziishe. Mvua ikimkuta nyumbani na sisi tuko shambani, atakuwa na nani? Atakuwa peke yake. Na hicho hasa ndicho anachokimbia." Alitua kigoda chini. "Nitakaa hapa kila wingu likijikusanya. Nyasi na ziote shambani."

"Na nikikataa?"

"Basi utaniburura, Mwalimu, kama mwanangu alivyomburura Joakimu. Ila mimi ni mzito."

Darasani kulitokea kicheko, kikabanwa. Mwalimu Eufrasia, aliyekuwa ameshika chaki mbele ya ubao, alikohoa.

"Mwalimu Mkuu, mwache aingie tu. Ikianza kunyesha, mimi peke yangu siwawezi hawa."

Mwalimu Severine alivaa miwani yake. Alisogea upande kiasi cha mtu kupita na kigoda.

Judica aliketi nyuma, ukutani. Darasa halikumtisha, elimu yake ya msingi aliimalizia ukubwani, jioni jioni, kwenye mabenchi ya kanisa, Kornelia akiwa mgongoni. Alijua harufu ya chaki. Alijua kinachofuata: mvua itakuja, mtoto atashtuka, naye atasema kwa upole, keti mwanangu, ni maji tu. Maneno hayo alikuwa ameyaandaa tangu alfajiri.

Tone la kwanza lilipiga bati kama punje moja. Yakaja kumi, yakaja mengi, kisha mbingu ikamwaga gunia zima. Sauti ya Mwalimu Eufrasia ilizama. Kornelia alikuwa tayari wima, mkono wake umeshamshika Joakimu, macho yake yako mlangoni.

Na Judica naye alikuwa wima. Hakukumbuka alisimama saa ngapi. Kigoda kimeanguka, magoti yameelekea nje, na puani mwake imejaa harufu ya maziwa ya moto ya asubuhi ile. Miezi yote hii alikuwa amemwambia mtoto ni maji tu, ni maji tu, na miguu yake mwenyewe ilikuwa haijaamini hata siku moja.

Maneno aliyoyaandaa yalipotea. Kooni ulibaki ule ukelele. Akauacha huko huko. Alipita katikati ya madawati, akaushika ule mkono mwingine wa binti yake, uliokuwa unatafuta wa kushika, na ulikuwa baridi kama wake.

"Nakusubiri," alimwambia sikioni. "Ukitoka natoka. Ukibaki nabaki. Nakusubiri."

Darasa zima lilikuwa limegeuka, wengine wameshaning'iniza mguu mmoja nje ya dawati. Joakimu alimtazama Kornelia, pengo lake wazi. Hakuwa na kinyongo. Alitaka tu kujua.

"Kone, leo tunatoka au tunabaki?"

Hakuna aliyecheka. Mlangoni Mwalimu Severine alikuwa bado amesimama, bega moja linalowa.

Kornelia aliinua uso kulielekea bati. Vidole vyake havikuachia, si kwa Joakimu wala kwa mama yake.

"Nyamazeni kwanza," alisema. "Niisikilize."

Mwalimu Eufrasia aliweka chaki chini. Darasa la tatu likanyamaza, kichwa baada ya kichwa kikiinamia upande mmoja, na wote, pamoja na wakubwa, wakaanza kuisikiliza mvua.