Nyota Yenye Shingo

Mume wangu Ndolo alijua kuchonga kitu kimoja tu duniani, nacho ni twiga. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Twiga wake walikuwa twiga kweli, ukimweka mmoja mlangoni mbuzi wa jirani anafikiria mara mbili kabla ya kupita. Baba yake alichonga twiga, na babu yake vilevile. Huku kwetu kati ya Masii na Wamunyu kila boma lina mnyama wake. Kwa akina Ndeti ni kifaru, kule ng'ambo ya mto ni simba, na kwetu ni twiga. Ndolo anachonga kwa tezo, mimi napiga msasa, yeye anachoma madoa kwa waya wa moto, kisha mimi napaka rangi ya viatu na kusugua mpaka mnyama ang'ae. Kwa kazi hiyo tulimlea Muindi wetu na kumsomesha, kwa hiyo twiga nawaheshimu.

Lililoniuma lilikuwa jambo lingine. Ndolo alikuwa haendi kanisani. Si kwamba hakuamini, kwani nyumbani alisali kunishinda. Aliogopa macho ya watu tu. Siku ya harusi yetu alitetemeka hadi pete ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya benchi la wazee, na tangu siku hiyo alisema macho aliyotazamwa yanamtosha. Basi kila Jumapili kina mama wenzangu walikaa na waume zao, nami nikakaa na mkoba. Mwanamke mwenye mume mzima, mwenye nguvu zake, anakaa na mkoba! Niliona uchungu, tena uchungu wa kweli. Nilitaka Krismasi moja tu nigeuze shingo nimwone kando yangu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka ule wa El Nino, mvua ilipokataa kabisa kwenda nyumbani kwake. Jumuiya yetu ilikutana kwa Syokau, mwenyekiti, kupanga mapambo ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Syokau alikuwa amepanga kununua Nairobi nyota ya plastiki yenye taa za kuwakawaka, aitundike juu ya pango la Mtoto Yesu. Lakini barabara zilikuwa zimekatika, na hakuna aliyekuwa tayari kuogelea kwa ajili ya plastiki.

"Basi mwaka huu hatutakuwa na nyota," akasema, huku akimimina chai.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoamka kabla ya akili. "Nyota mnakosaje na mafundi wako hapa? Baba Muindi atatuchongea ya mbao. Na ataileta yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Niliwaza hivi: fundi gani atakubali kazi yake itundikwe bila kwenda kuiona?

Syokau aliweka birika chini. "Baba Muindi? Huyu wa twiga? Mama Muindi, angalia tusiletewe nyota inakula majani."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikawaka. Nikawaambia watakuja kuomba radhi, tena kwa magoti, nikajifunga leso yangu na kuondoka mvuani. Nilipofika kwenye kijito ndipo nilipokumbuka kwamba Ndolo mwenyewe hajaulizwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Hiyo nyota, iko na miguu ngapi?"

"Haina miguu! Ni nyota!"

"Sawa. Nitajaribu."

Alichukua gogo la jakaranda, akalikalia pale chini ya mabati ya jikoni, na tezo ikaanza kuruka. Nilimwacha. Niliporudi kutoka kukama mbuzi, nyota ilikuwa na masikio.

"Asi! Baba Muindi, hii ni nini?"

Akaitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Mkono umeenda wenyewe," akasema.

Akachukua gogo la pili. Safari hii alikuwa akijisemesha kwa sauti, "Nyota, nyota, nyota," na kila aliposema nyota tezo ikaondoa mbao nyembamba kutoka mahali palepale panapotoka shingo. Kufika jioni tulikuwa na twiga wawili wapya, mmoja mfupi kidogo kwa sababu alijaribu kujizuia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Aliweka tezo chini na kufuta mikono.

"Mama Muindi, nenda umwambie Syokau. Mkono wangu haujui mambo ya mbinguni."

Kicheko kilinikauka. Akiacha sasa, Krismasi hii nitakaa na mkoba, na mwaka ujao, na mpaka tuzeeke. Nilitazama wale twiga wawili kwenye vumbi la mbao, kisha nikafanya jambo ambalo mama mtu mzima hafanyi. Nilijilaza chali katikati ya vibanzi, nikatanua mikono na miguu.

"Mimi ni nini?" nikamuuliza.

Akaruka kutoka kwenye gogo. "Umeanguka?"

"Sijaanguka! Hesabu! Kichwa, mikono miwili, miguu miwili. Ni ngapi?"

"Tano."

"Na nyota iko na pembe ngapi?"

Kabla hajajibu, Justus katekista akapita njiani na baiskeli yake. Aliniona nimelala nimetanuka, akamwona mume wangu amesimama juu yangu na tezo, akapiga ishara ya msalaba na kuongeza mwendo. Nusura nife kwa kicheko, lakini sikuinuka.

"Sasa chukua twiga wako," nikamwambia Ndolo, "mlaze hivi. Shingo juu. Miguu ya mbele, mmoja huku na mmoja huku. Ya nyuma vilevile. Usichonge nyota. Nyota wachana nayo. Chonga twiga amelala anapumzika."

Alimtazama twiga, midomo ikicheza. Kisha nikaona uso wake ukifunguka pole pole mpaka meno yote yakaonekana.

"Amechoka," akasema. "Ametembea mbali."

"Ndiyo hivyo! Amechoka kabisa!"

Nawaambia, tezo ile iliimba. Vibanzi viliruka hadi kwenye sufuria ya githeri, nami nikaviokota tu. Miguu minne ikajitokeza, ikachongoka, shingo ikapanda juu, kichwa akakimalizia kwa ncha, na ghafla tukawa na nyota. Nyota kamili, pana kama ungo, yenye mgongo katikati ya kila pembe, na ile pembe ya juu imezidi wenzake kidogo tu. Nikaikumbatia nikacheza nayo ngoma ya kilumi pale uani, nikizunguka, naye Ndolo akinipigia ngoma kwenye debe. Msasa nilioununua dukani kwa Fadumo pale Masii niliumaliza wote. Niliisugua ile nyota mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, nilitoka kwenda kuchota maji. Niliporudi nikasikia harufu ya mbao inayoungua.

Mazoea yana taabu. Miaka yote tuliyoishi, nikimaliza msasa yeye huchukua waya. Hakufikiria. Nilimkuta ameketi, anapuliza moto, anaimba, na nyota yangu ya Bethlehemu ina madoa ya twiga kutoka ncha hadi ncha. Alikuwa anamalizia goti.

"Baba Muindi!"

Aliinua kichwa, akaona uso wangu, akatazama mikono yake. "Ai," akasema. "Ai, ai, ai."

Nilishika mwiko. Nakiri nilitaka kumpiga nao. Madoa yalikuwa yameingia ndani, msasa haungeyatoa hata tungesugua hadi Pasaka, na mbao zote nyingine zilikuwa zimelowa. Lakini nilipoitazama tena ile nyota, yale madoa yalivyopangwa kwa utaratibu, makubwa tumboni na madogo shingoni, hasira ikaniisha. Nilikaa chini na mwiko wangu nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kwa kuona ninacheka, na tulipomaliza nikachukua rangi ya viatu nikaipaka. Iling'aa, Mungu ni shahidi.

Asubuhi ya Krismasi Ndolo aliibeba ndani ya leso, amevaa gambuti na koti la harusi. Moyo wangu ulikuwa unaruka njia nzima. Tulipofika mlangoni mwa kigango akamkabidhi Justus, akamwambia aishike kwa upole, kisha akarudi nyuma.

"Mimi nitachunga baiskeli," akasema.

"Baiskeli za nani? Nani anaiba baiskeli siku ya Krismasi?"

"Wezi hawana Krismasi, Mama Muindi." Na akaenda kusimama chini ya dirisha, amejikunja, hataki mtu amwone.

Niliingia peke yangu. Nilikuwa nimemchongea mume wangu njia ya kuingia, nayo imeishia mlangoni. Niliketi karibu na Syokau nikitazama magoti yangu.

Justus alikuwa mrefu na mtu wa picha. Kwenye kadi zote za Krismasi alizowahi kuona, nyota ya Bethlehemu ina mkia mrefu unaoelekea chini, kwenye zizi. Basi akapanda juu ya benchi, akatafuta ile pembe iliyozidi nyingine, akaielekeza chini na kuifunga kwa kamba ya katani. Watu wakaanza kunong'ona. "Iko na madoa!" Mabega ya Syokau yalikuwa yanatikisika. Padre akaingia, ngoma na kayamba vikalia, tukaanza wimbo wa Utukufu.

Hapo nikaona kichwa cha Ndolo dirishani. Alichungulia kidogo tu, kama mtu anayeibia. Kisha akaona. Macho yakamtoka, kichwa kikapotea, na mara mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Ngojeni! Ngojeni kwanza!"

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mume wangu, mtu anayeogopa kusalimia foleni ya kisima, alikuja katikati ya kanisa na gambuti zake zikilia chwa, chwa, chwa.

"Justus, umemtundika kichwa chini! Damu yote inaenda kwa kichwa!" Akapanda juu ya benchi la mbele, kati ya wazee wawili, akaifungua kamba, akaigeuza nyota kwa mikono miwili kama unavyomgeuza mtoto mchanga, akaifunga tena. "Hivi. Shingo ni juu. Sasa anapumua."

Kanisa zima likatazama juu. Shingo ilipanda kuelekea mabati, miguu imetanuka pande zote, madoa yanang'aa.

"Asi!" Syokau akalia kwa sauti. "Woi, ni twiga!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianzia kwetu kina mama kikaenda hadi kwaya, kikarudi. Padre alishika ukingo wa altare, kainamisha kichwa, na mgongo wake ulikuwa unaruka. Watu walipiga makofi, mzee mmoja akamshika Ndolo mguu asianguke.

Na hapo Ndolo akatambua yuko wapi. Akageuka pale juu ya benchi akaona macho, macho ya watu wote wa kwetu. Akatazama mlango, na mlango ulikuwa mbali.

Nilisimama. Nilimsukuma Syokau kwa nyonga akasogea. "Baba Muindi," nikasema, na sauti yangu haikuwa na utani wowote, "kuja ukae."

Alikuja. Aliketi, goti lake likitetemeka juu ya langu, nami nikaliwekea mkono. Ngoma zikaanza tena. Masomo yakasomwa, na goti likatulia kidogo kidogo. Padre alipofika katikati ya mahubiri, mume wangu akainama sikioni mwangu.

"Yule punda wa karatasi pale pangoni, nani aliwakatia?"

"Nyamaza, Padre anaongea."

"Miguu ya nyuma imekunjwa mbele. Punda gani huyo? Wanahitaji wa mbao."

"Wewe unajua twiga tu."

"Punda si ni twiga hana shingo?" Akafikiri kidogo, macho yamekazwa kwenye pango. "Jumapili nitakuja nipime hiyo nafasi. Na Jumapili ile ingine pia. Punda si kazi ya siku moja."

Sikusikia neno lingine la mahubiri yale. Nilijiziba mdomo kwa leso, nikilia na kucheka kwa pamoja, na Padre akapaza sauti zaidi, akidhani ni maneno yake yaliyonigusa.