Kanyanga mu Chupa ya Njaa

Chupa ya njaa ilikuwa imechafuka, na mémoire ya Larissa, ile kazi ya kumaliza masomo, ilikuwa ya kutetewa kesho kutwa.

Miye Zagabe niko laborantin, mutumishi wa maabara, hapa ku université, mwaka ya kumi na mbili. Nieleze mupole, maana watu banapendaka kusema bakteria ni uchawi. Larissa alitosha bakteria ku udongo ya kule Mudaka, akaziweka mu chupa mbili za maji safi. Mu moja alitia acétate, ile chumvi ya siki, chakula moja tu. Bakteria zinaikula, zinapata nguvu, zinazaana, maji inachafuka. Ya pili hakutia kitu. Ile njo chupa ya njaa, na ilipashwa kubakia safi.

Sasa ilikuwa nyeupe sawa maji ya kuosha muchele.

Professeur Marcellin aliiangalia ku mwangaza ya dirisha. "Ulitia sukari mu maji ya chupa zote, Larissa, ili bakteria zizaane haraka? Mutu wa kudanganya hatetei kwangu. Utarudilia mwaka."

"Prof, naapa, sikutia kitu."

Miye nilishajua. Alcool ya kuosha chupa iliisha juma ile, na miye mujinga nikaenda kuomba kanyanga kwa jirani, ile pombe kali ya kienyeji. Robinet ya maji ikakauka mbele ya kusuuza chupa ya mwisho, ile ya njaa. Alcool nyingi inaua bakteria, lakini kidogo ni chakula, nyepesi sawa acétate. Matone yalibakia, zikakula, zikanenepa.

Lakini kusema ni hatari. Miaka mitatu imepita, professeur alinikuta nimelala chini ya meza hii, nimelewa. Alinisamehe, akasema: harufu ya pombe mara moja tena, unatoka. Tangu ile siku sijaonja hata kasiksi ya harusi, ile pombe ya ndizi. Na niko na watoto ine ku nyumba.

Basi nilikamata kitambaa, nikapanguza meza iliyokuwa safi. Larissa alianza kukusanya makaratasi yake moja moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini miye nilikuwa tayari kuitembea yote, mpaka nilipoona Larissa anafunga mufuko yake.

"Prof, ni miye. Niliosha chupa na kanyanga."

Hakukasirika. Alinikaribia. "Pumua."

Nikapumua mu uso wake, Larissa, mutoto wa watu, akituangalia. Hakusikia harufu.

"Mikono."

Asubuhi ile nilikuwa nimeosha chupa zingine na kanyanga ileile. Alinusa, akafunga macho.

"Larissa, utatetea. Uandike yote mu mémoire. Zagabe, leta funguo za maabara."

Nikazitosha ku mufuko, nikaziweka ku meza. Larissa alinifuata mpaka inje, machozi yakimutoka, akanishika mikono yote mbili.

"Aksanti sana, papa. Mungu akubariki." Halafu akashusha sauti. "Lakini ile pombe, papa, uiache. Tafazali."

Nikapanguza mikono yangu ku suruali.

"Ndiyo, mama," nikasema.