Jiwe Yenye Ilibakia Mu Muteremuko

Gari haifikake ku mutoni, pale chini ya mutaa wa Kasha. Hata pikipiki inaogopaka ile muteremuko. Sasa siku ya fête ya kusherehekea daraja ya zamani, comité ikafanya ile kila mutu wa Bukavu anafanyaka kitu ikikuwa nzito: bakaita bamaman babebaji.

Maman Laurette njo alibeba. Jiwe ya ukumbusho ku mugongo, kamba ku kipaji ya uso, shingo imekaza sawa mbao, anashuka tu pole pole mu matope. Bamaman bengine babili nyuma banangojea zamu yao. Jiwe yenyewe ilifunikwa na pagne mupya, juu Papa Grégoire, président wa comité, alikatalia batu kuiona mbele ya bageni.

Ornella alikuwa anashika koko yake mukono. Koko Eulalie, mama ya mama yake, alivaa ile pagne ya kwenda misa ya Noeli. Ku kipaji yake kuko shimo, kidole inaweza kulala ndani. Kamba njo iliichimba, kuanzia wakati alikuwa kasichana kanabeba mawe ya ile daraja. Mara tatu Ornella alienda kwa Grégoire na jina ya koko yake, na mara tatu Grégoire alimuapia: "Itaandikwa ku jiwe, binti yangu. Itaandikwa!"

Katikati ya njia, Laurette akatua jiwe apumue. Koko akasogea.

"Ornella, nionyeshe penye niko."

"Usifunue!" Grégoire akapiga kelele kutoka juu.

Ornella alishafunua. Akasoma mara moja. Akarudilia kwa sauti: "Daraja hii ilijengwa na Muzee Cirhuza na bana yake."

Basi. Njo ile tu.

"Na mie?" koko akauliza.

"Hauko, koko."

Laurette akatoa kamba ku kichwa. "Cirhuza gani? Ule alikuwa anakalia kiti na fimbo, mama yangu anapanda na mawe?"

"Cirhuza ni koko yangu!" Grégoire alishafika, viatu ya kungaa imejaa matope. "Alikuwa capita, alisimamia kazi! Beba jiwe, maman. Bageni ba kutoka mutaa wa Nguba banangoja."

"Papa, uliniapia," Ornella akasema.

"Mutoto wa juzi, unajua nini ya historia? Kama tunaandika kila mwanamuke alibeba jiwe, si tutaandika mulima muzima?"

"Andika mulima!" Laurette akajibu. "Sie hatubebe tena."

"Fanta yenu iko chini pale, ya baridi..."

"Kunywa ile Fanta weye na Cirhuza yako!"

Grégoire akakasirika mpaka masikio. Akanyakua kamba, akaitia juu ya nywele, pale mutu anavaaka kofia, akajaribu kusimama. Kamba ikateleza, ikamukwaruza pua, na yeye akaikala mu matope, pwaa! Bamaman batatu bakacheka mpaka bakashikana mabega.

"Kipaji, papa! Kamba iko ya kipaji! Ama Cirhuza hakukufundisha?"

Grégoire akaita banaume babili ba comité. Bakashika huku na huku, hatua tatu, ine, mumoja akateleza. Jiwe ikalala chali, maandiko juu.

Koko Eulalie akaachilia mukono ya Ornella. Akaenda pole na fimbo yake, akageuka, akaikala juu ya jiwe. Katikati kabisa, juu ya jina ya Cirhuza.

"Toka hapo, muzee!" Grégoire akamusogelea. "Unakalia koko yangu!"

"Yeye alikuwa anaikala, mie nasimama. Leo tunabadilisha."

"Ornella, toa ule muzee wako!"

Ornella akaikala kando ya koko. Jiwe ilikuwa baridi, kipande yake ilikuwa kidogo sana, lakini akaikala.

Kule chini fanfare ikaanza kupiga muziki. Bageni balishachoka kungoja, banakata utepe mbele ya daraja bila jiwe. Grégoire akasikia makofi. Akaanza kushuka mbio, mikono mitupu, anageuka anaonyesha koko kidole: "Naenda kuita bapolisi! Batakutoa kwa nguvu!"

"Baite," Laurette akasema, anakunja kamba yake. "Lakini uchague bale banajua kubeba. Na bakuye na fundi wa kuandika majina ku jiwe."